Kupima athari za metali nzito kwa mwani mdogo wa maji baridi: mwongozo kamili wa maabara

Kila anayeanza majaribio haya anajua tayari kwamba shaba nyingi huua mwani. Kinachomsumbua ni kueleza shaba kiasi gani, na hasa kiasi gani kiliifikia seli. Unapima miligramu zako kwenye mizani, unaziyeyusha, unazitia chupani, kisha zinaanza kupotea: nyingine zinanata kwenye kuta za chupa, nyingine zinashikwa na kemikali ulizoweka wewe mwenyewe kama lishe, nyingine zinaungana na fosfati na kuzama chini. Mwani unakutana na kilichobaki. Karibu kila hatua iliyomo humu ipo kwa sababu hiyo moja.

Nimemlenga mwanafunzi au fundi wa maabara mwenye vifaa vya kawaida: hadubini, mizani nyeti, kipima pH, pipeti, taa nyeupe na chumba kinachoweza kushikilia joto. Mfano mkuu ni shaba. Kadimi, zinki, risasi na kromi nitazitaja pale zinapokuwa na tabia yake ya pekee.

Kwanza, metali inafanya nini ndani ya seli

Shaba na zinki zinahitajika. Shaba imo katika plastosianini, protini inayopokezana elektroni wakati wa usanisinuru. Zinki imo katika kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi, kinachoisaidia seli kujipatia kaboni. Kwa hiyo mchoro wa ukuaji dhidi ya shaba hauwi mteremko mmoja. Ikipungua mno mwani unadhoofika, ikitosha unastawi, ikizidi unaporomoka. Kadimi, risasi na zebaki hazina kazi inayojulikana katika mwani wa maji baridi. Ipo diatomu ya baharini, Thalassiosira weissflogii, inayoweza kutumia kadimi badala ya zinki pale zinki inapoadimika, lakini hicho ni kisa cha pembeni.

Zikizidi, kila metali ina njia yake ya kudhuru. Shaba huvuruga mitambo ya usanisinuru na kuchochea aina kali za oksijeni zinazoharibu utando wa seli. Kadimi hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini na kuipokonya zinki nafasi yake. Kromi ya chaji sita huingia kwa kupitia milango ya sulfati, kwa kuwa kromati na sulfati zinafanana umbo. Seli nayo hujitetea: hutengeneza fitokelatini, yaani peptidi fupi zenye salfa zinazofunga metali, hufungia metali ndani ya punje za polifosfati, au huitoa nje. Ulinzi huo una gharama, na gharama yake huonekana kwenye kasi ya kugawanyika.

Shika jambo hili tangu sasa: seli iliyodhuriwa na shaba mara nyingi huendelea kunenepa huku imeshindwa kugawanyika. Ukitazama rangi ya chupa tu, utaona kijani na kudhani mambo ni shwari. Tutarudi hapo kwenye kuhesabu.

Hatua ya 1: Chagua mwani

Kwa anayeanza, pendekezo langu ni Raphidocelis subcapitata. Ni seli ndogo yenye umbo la hilali, haishikamani na wenzake, inakua haraka na ni nyeti kwa metali. Aina inayotumika duniani kote ilitengwa kutoka mto Nitelva, Norwe, mwaka 1959. Usishangae ukikuta machapisho ya zamani yanaiita Selenastrum capricornutum au Pseudokirchneriella subcapitata. Ni mwani uleule uliobadilishwa jina mara kadhaa.

Chlorella vulgaris ni rahisi kuilea, lakini mara nyingi ni sugu zaidi, kwa hiyo matokeo yake hayakuambii mengi kuhusu viumbe dhaifu wa ziwani. Desmodesmus subspicatus inakubalika kwenye miongozo ya kimataifa, ila seli zake huungana nne nne au nane nane, na unapohesabu lazima uhesabu seli moja moja, si makundi. Chlamydomonas reinhardtii ichukue ikiwa swali lako ni la jeni, maana jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007 na ina aina nyingi zilizobadilishwa kwa makusudi. Kuwa makini tu: baadhi ya aina hizo hazina ukuta wa seli, na ukuta ni sehemu ya kinga dhidi ya metali.

Hatua ya 2: Maji ya lishe, mahali ambapo majaribio mengi huharibikia

Hapa tutakaa.

Maji ya lishe ya kukuzia mwani yametungwa ili mwani ustawi. Ili chuma kisigande na kuzama, huwekwa EDTA, kemikali inayokumbatia ayoni za metali na kuzifanya zibaki zimeyeyuka. Tatizo ni kwamba EDTA haichagui. Inakumbatia chuma, na inakumbatia shaba, kadimi, zinki na risasi yako pia. Metali iliyokumbatiwa na EDTA haiingii kwenye seli kirahisi, na kinachodhuru kwa kiasi kikubwa ni ayoni iliyo huru.

Chukua maji ya lishe ya Bold, BBM, yanayotumika katika maabara nyingi za mwani. Yana miligramu 50 za EDTA kwa lita. Molekuli moja ya EDTA hushika ayoni moja ya metali. Ukipiga hesabu, EDTA hiyo ina uwezo wa kushika takriban miligramu 10 za shaba katika kila lita. Zaidi ya hapo, BBM yenyewe tayari ina shaba ya takriban miligramu 0.4 kwa lita na zinki kama miligramu 2. Ukiongeza mikrogramu 100 za shaba na mwani ukaendelea kucheka, hujagundua mwani sugu. Umepima nguvu ya EDTA. Mimi niliangukia shimo hilohilo mwanzoni, nikajaza daftari zima kwa namba nzuri zisizo na maana yoyote.

Linganisha na maji ya lishe ya mwongozo namba 201 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, linalotoa miongozo ya kupima kemikali), uliotolewa mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2006. Haya yana EDTA miligramu 0.1 tu kwa lita, karibu sawasawa na kiasi cha kukishika chuma kilichomo, basi. Viambato vikuu kwa lita moja ni hivi:

- kloridi ya amonia, mg 15
- kloridi ya magnesi yenye maji sita, mg 12
- kloridi ya kalisi yenye maji mawili, mg 18
- sulfati ya magnesi yenye maji saba, mg 15
- fosfati ya potasi (KH2PO4), mg 1.6
- bikaboneti ya sodiamu, mg 50
- kloridi ya chuma yenye maji sita, mg 0.064, pamoja na EDTA ya sodiamu, mg 0.1
- asidi ya boroni, mg 0.185, kloridi ya manganizi yenye maji manne, mg 0.415, na viasi vidogo mno (chembechembe) vya zinki, kobalti, molibdeni na shaba

pH yake ni 8.1. Tazama jinsi fosfati ilivyo kidogo. Hilo nalo linatusaidia, kwa sababu fosfati nyingi huganda na metali, hasa risasi. Anayepima risasi kwenye BBM mara nyingi anapima mashapo meupe yaliyolala chini ya chupa.

Tengeneza miyeyusho mama ya lishe (miyeyusho mikali utakayoizimua baadaye) kwa makundi manne: chumvi kuu pamoja, chuma na EDTA pamoja, chembechembe pamoja, na bikaboneti peke yake. Yaliyo thabiti yapitishe kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu. Bikaboneti usiipike, ipitishe kwenye chujio la mikromita 0.2, maana ukiipika inapoteza kaboni dioksidi na pH inapanda. Ukishachanganya yote, acha maji ya lishe yatulie usiku kucha yakiwa yamefungwa kwa kizibo kinachopitisha hewa, ndipo upime pH.

Vipi kuhusu bafa, yaani kemikali inayozuia pH isiyumbe? Mwani unapokua hunyonya kaboni dioksidi na pH hupanda, na pH inabadilisha sumu ya metali kwa njia mbili zinazopingana. pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya shaba hufungwa na kaboneti na hidroksidi, kwa hiyo ayoni huru hupungua. Wakati huohuo ayoni za hidrojeni, ambazo hugombania milango ya seli na shaba, nazo hupungua, kwa hiyo kila ayoni huru ya shaba iliyobaki inakuwa na makali zaidi. Kalisi na magnesi hufanya ugomvi kama huo mlangoni, na ndiyo sababu maji magumu hupunguza makali ya metali nyingi. Dawa ya kwanza si bafa: anza na seli chache, acha hewa ipite, tikisa chupa. Ikishindikana, tumia bafa iitwayo MOPS kwa kiasi kidogo, kwa sababu haishiki metali sana. Epuka bafa ya Tris, kwani inashika shaba, na epuka bafa ya fosfati kabisa.

Hatua ya 3: Vyombo

Chupa iliyooshwa kwa sabuni bado si safi kwa kazi hii. Ioshe, kisha iloweke usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, halafu suuza angalau mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Fanya hivyo kwa chupa, vizibo, silinda za kupimia, na hata chupa za kuhifadhia miyeyusho. Vaa glavu na miwani ya kinga. Na ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Kioo kina tabia ya kunatisha metali kwenye kuta zake, na kadiri ukolezi ulivyo mdogo ndivyo hasara inavyokuwa kubwa kwa uwiano. Plastiki ya polikaboneti hunatisha kidogo kuliko kioo. Vyovyote, ukitumia ukolezi wa mikrogramu chache, jaza kila chupa kwa myeyusho utakaoupima, iache siku moja, mwaga, kisha jaza upya myeyusho uleule. Kuta zitakuwa zimeshiba. Zebaki ina tatizo la ziada la kuvukia hewani, na kwa maoni yangu mtu asiye na kabati la kuvutia hewa chafu asiiguse kabisa.

Hatua ya 4: Myeyusho mama wa metali

Kosa la kawaida hapa ni kupima chumvi na kuiandika kana kwamba ni metali. Sulfati ya shaba yenye maji matano ni shaba robo tu. Zilizobaki ni sulfati na maji. Kupata gramu 1 ya metali katika lita 1 unahitaji:

- shaba: g 3.93 za CuSO4·5H2O
- zinki: g 4.40 za ZnSO4·7H2O
- kadimi: g 1.63 za CdCl2 isiyo na maji, au g 2.03 za ile yenye maji mawili na nusu (soma lebo!)
- nikeli: g 4.05 za NiCl2·6H2O
- risasi: g 1.60 za Pb(NO3)2
- kromi ya chaji sita: g 2.83 za K2Cr2O7

Tone la asidi ya nitriki huzuia metali isigande ndani ya myeyusho mama, lakini hakikisha kiasi utakachohamisha ni kidogo kiasi cha kutoshusha pH ya chupa ya jaribio. Kromi usiitie asidi bila sababu.

Sasa zimua. Chukua mililita 1 ya myeyusho mama wa shaba, fikisha mililita 100: una miligramu 10 kwa lita, yaani mikrogramu 10 katika kila mililita. Ukitaka chupa ya mililita 100 yenye mikrogramu 40 kwa lita, unahitaji mikrogramu 4, ambazo ni mililita 0.4. Kwa chupa ya mikrogramu 5 kwa lita ungehitaji mililita 0.05, na pipeti nyingi hukosea hapo. Zimua mara kumi zaidi kisha tia mililita 0.5. Miyeyusho hii hafifu tengeneza siku hiyohiyo. Metali itiwe baada ya maji ya lishe kupoa kutoka kwenye otoklevu, si kabla.

Hatua ya 5: Andaa mwani wa kuanzia

Mwani uliozeeka kwenye chupa kuukuu haufai. Siku 2 hadi 4 kabla ya jaribio, hamisha kiasi kidogo kwenye maji ya lishe yaleyale utakayotumia, chini ya mwanga na joto lilelile. Unataka seli zilizo katika mbio za kugawanyika. Kama ulikuwa unazilea kwenye BBM, zizungushe polepole kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, zisuuze mara mbili kwa maji mapya, ndipo uzilee upya. Ukiruka hatua hii utabeba EDTA ya zamani hadi kwenye jaribio jipya.

Seli za kuanzia ziwe 5,000 hadi 10,000 kwa mililita. Wanafunzi wengi hupenda kuanza na laki kadhaa ili wapate kuhesabu kirahisi, lakini seli zikiwa nyingi zinagawana metali ileile: kila moja inapata kidogo, kuta zao zinanyonya sehemu kubwa, na sumu inaonekana hafifu kuliko ilivyo.

Hesabu ni rahisi. Mwani wako una seli milioni 1 kwa mililita; chupa ya mililita 100 inataka seli 10,000 kwa mililita, jumla milioni 1. Tia mililita 1.

Hatua ya 6: Jaribio la kupapasa

Kabla ya jaribio lenyewe, tafuta mahali sumu inapoanzia. Weka chupa moja moja zenye shaba ya mikrogramu 1, 10, 100, 1,000 na 10,000 kwa lita, pamoja na chupa mbili zisizo na metali. Baada ya siku 3 utaona wapi mwani unakua kama kawaida na wapi umesimama. Kwa R. subcapitata kwenye maji yenye EDTA kidogo, tegemea shaba kuanza kuuma kwenye makumi ya mikrogramu. Usiazime upana wa mtu mwingine aliyetumia maji tofauti ya lishe, papasa mwenyewe.

Hatua ya 7: Jaribio lenyewe

Ukishajua eneo, chagua angalau viwango vitano vinavyozidiana kwa uwiano uleule, usiozidi mara 3.2. Mimi hupenda kuzidisha kwa mbili: 5, 10, 20, 40, 80, 160. Kila kiwango chupa tatu, na chupa linganishi zisizo na metali ziwe sita. Usibanie chupa linganishi: kila namba utakayotoa inagawanywa kwa wastani wao, kwa hiyo yumbo lao linaenea kila mahali. Ongeza na chupa moja kwa kila kiwango isiyo na mwani kabisa. Hiyo itakuonyesha metali inayopotea bila seli kuhusika.

Joto liwe kati ya nyuzi 21 na 24 za Selsiasi, lisiyumbe zaidi ya nyuzi 2. Mwanga mweupe usiozimwa, mikromoli 60 hadi 120 za fotoni kwa mita mraba kwa sekunde. Tikisa chupa mfululizo, au kwa mkono mara kadhaa kwa siku. Vizibo vya pamba au sponji.

Panga chupa kwa kura, si kwa mstari kutoka kiwango kidogo hadi kikubwa, kwa kuwa pembe moja ya rafu daima ina mwanga zaidi. Zihamishe nafasi kila siku.

Pima pH mwanzoni na mwishoni. Ikipanda zaidi ya vizio 1.5 kwenye chupa linganishi, jaribio lina kasoro.

Hatua ya 8: Hesabu seli

Chukua sampuli saa 24, 48 na 72, ukiwa umetikisa chupa vizuri kwanza. Kama una kifaa cha kupima mng'ao wa klorofili, pima mara moja mwani ukiwa hai. Kisha tia tone la Lugol (myeyusho wa iodini) kwenye sampuli ya kuhesabia: inaua seli, inazitia rangi ya kahawia na kuzitunza, lakini inaharibu mng'ao, kwa hiyo mpangilio huo usiugeuze.

Kwenye kioo cha Neubauer, yaani kioo cha hadubini chenye miraba ya kuhesabia seli, mraba mkubwa wa milimita 1 kwa 1 una ujazo wa sehemu moja ya elfu kumi ya mililita. Wastani wa seli kwa mraba zidisha kwa 10,000. Hapo utaona tatizo: ukiwa na seli 10,000 kwa mililita, kila mraba una seli moja. Hesabu ya siku ya kwanza kwa njia hiyo ni kubahatisha, kwa hiyo siku ya sifuri tumia namba iliyotokana na kuzimua mwani wa kuanzia, si kuhesabu. Kwa siku nyingine lenga seli 400, ambapo kosa la kubahatisha ni takriban asilimia 5. Ukihesabu 100, kosa ni asilimia 10.

Spektrofotomita inafaa pale seli ni nyingi, kwa nanomita 750, urefu wa wimbi ambao klorofili hainyonyi sana. Lakini ndipo ile tahadhari ya mwanzo inaporudi. Seli zilizovimba kwa shaba hutawanya mwanga mwingi zaidi kila moja, na kifaa kitakuambia mwani ni mwingi kuliko ulivyo. Mng'ao nao unadanganya kwa namna yake, kwani shaba ikivuruga usanisinuru, mng'ao wa kila seli hubadilika. Tumia vifaa hivyo kwa wepesi, lakini kwa kila kiwango hakiki angalau chupa moja kwa hadubini. Ukiwa hapo, andika unachokiona: seli kubwa, rangi iliyofifia, punje nyeusi, makundi yaliyoshikamana.

Hatua ya 9: Kutoka idadi hadi kasi

Kasi ya ukuaji ni logi asilia ya idadi ya mwisho, toa logi asilia ya idadi ya mwanzo, gawanya kwa siku.

Tuseme chupa linganishi zimetoka 10,000 hadi 1,000,000 kwa siku 3. Zimeongezeka mara 100. Logi asilia ya 100 ni 4.605, ukigawanya kwa 3 unapata 1.535 kwa siku. Muda wa kujizidisha maradufu ni 0.693 kugawanya kwa 1.535, yaani saa 10.8 hivi.

Chupa zenye shaba zimetoka 10,000 hadi 200,000. Logi asilia ya 20 ni 2.996, gawanya kwa 3 upate 0.999. Kizuizi cha kasi ni 1.535 toa 0.999, gawanya kwa 1.535: asilimia 35.

Sasa hesabu chupa zilezile kwa mavuno, yaani seli zilizoongezeka. Linganishi zimeongeza 990,000, za shaba 190,000. Kizuizi ni asilimia 81!

Chupa hazijabadilika, ila kipimo. Mavuno huonekana kuwa nyeti zaidi kwa sababu tofauti ndogo ya kasi hujikusanya siku hadi siku, na ukirefusha jaribio namba ya mavuno itabadilika hata kama sumu ni ileile. Kasi ndiyo ninayoiamini. Ukiripoti EC50, yaani ukolezi unaopunguza nusu, lazima useme ni nusu ya kasi au nusu ya mavuno. Msomaji anayekuta "EC50" tupu hawezi kuifanyia chochote.

Kabla ya kuchora chochote, hakikisha chupa linganishi zimefaulu. Ziwe zimeongezeka angalau mara 16 kwa saa 72, sawa na kasi ya 0.92 kwa siku. Mkengeuko sanifu wa kasi zao usizidi asilimia 7 ya wastani kwa R. subcapitata. Hesabu pia kasi ya kila siku peke yake: wastani wa mtawanyiko wa kasi hizo za siku kwa siku usizidi asilimia 35. Siku ya kwanza ikiwa imelala, mwani wako wa kuanzia haukuwa tayari, na dawa ni kurudia, si kuifuta siku hiyo kwenye jedwali.

EC50 itafute kwa mkunjo wa logi-lojistiki, kwa mfano kupitia kifurushi cha drc kwenye programu ya R, na uiandike pamoja na mipaka yake ya uhakika. Kuunganisha nukta mbili kwa rula hakutoshi. Ukikuta viwango vya chini kabisa vimeupita ukuaji wa chupa linganishi, usivifute: kwa shaba au zinki inawezekana mwani ulikuwa na njaa ya metali hiyo.

Hatua ya 10: Pima metali iliyokuwepo kweli

Mwanzoni na mwishoni, chukua sampuli kutoka kila kiwango, ichuje kwa chujio la mikromita 0.45 lililosuuzwa kwa asidi, tia asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, kisha ipeleke kwenye kifaa cha kupima metali, ama kile cha unyonyaji wa mwanga na atomu (AAS) ama ICP-MS. Kama maabara yako haina, sampuli iliyotiwa asidi husafiri vizuri.

Ukolezi ukibaki ndani ya asilimia 20 ya ule uliokusudia, tumia namba zako za awali. Ukianguka zaidi, tumia wastani wa kijiometri wa mwanzo na mwisho: zidisha hizo mbili, tafuta kipeo cha pili. Chupa zisizo na mwani zitakusaidia kutofautisha: metali ikipungua humo pia, mwizi ni kioo au mashapo. Ikipungua kwenye chupa zenye mwani tu, imechukuliwa na seli. Na hata hapo "kuchukuliwa" kuna sura mbili, kunata nje ya ukuta au kuingia ndani. Zikusanye seli, zisuuze kwa dakika chache na EDTA. Inayotoka ilikuwa nje, inayobaki ilikuwa ndani.

Programu za kukokotoa aina za ayoni, kama Visual MINTEQ, zitakupa makisio ya ayoni huru kutokana na pH, ugumu wa maji, EDTA na metali. Hapo ndipo matokeo yako yanapoweza kulinganishwa na ya maabara nyingine iliyotumia maji tofauti.

Hatua ya 11: Je, seli zimekufa au zimesimama?

Chupa ambayo haikukua hata kidogo ina majibu mawili yanayowezekana. Chukua mililita 1 kutoka humo, itie kwenye mililita 100 za maji ya lishe yasiyo na metali, isubiri siku 7 hadi 10. Kijani kikirudi, metali ilisimamisha mgawanyiko tu. Kisiporudi, iliua. Hatua hii haihitaji kifaa chochote, na bado ripoti nyingi haziigusi.

Hatua ya 12: Taka

Hakuna kinachoenda kwenye sinki. Miyeyusho ya jaribio, maji ya kusuuzia ya mara ya kwanza, asidi ya kulowekea na vichujio vyote vinaingia kwenye madumu yenye lebo ya jina la metali na tarehe, na madumu yanakabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka za sumu. Kadimi, kromi ya chaji sita na zebaki kila moja iwe na dumu lake. Kadimi na kromi hiyo husababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo unga wake usiupime mahali penye upepo, na baada ya kupima ufute meza na mizani kwa karatasi yenye unyevu, nayo karatasi iingie dumuni.